Ukunga

Ndoo ililetwa saa nne na robo, kifuniko kimebanwa kwa plasta:
futi mbili za utumbo ndani ya fomalini,
na karatasi yenye mwandiko wa daktari aliyechoka.
Mbwarali Famau, miaka arobaini na mmoja, Mlango wa Papa.
Utumbo ulijisokota. Tukaunyosha. Damu ikarudi.
Chini yake neno moja, limepigiwa mstari: Halafu?

Kazi yangu ni kukata nyama, hapa Makadara,
nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Naigandisha kwenye nta, naikata, naieleza majini,
naipaka zambarau, kisha waridi.
Muuza mahamri wa Mwembe Tayari huvitazama vidole vyangu
akasema, hina hiyo imekosa arusi.

Nikainama kwenye hadubini.
Seli ina njia nyingi za kuaga; mbili nazijua vizuri.
Ya kwanza ni ya staha:
hujikunyata, hukata vyombo vyake kwa mkasi,
huvifunga vifurushi vidogo vidogo
na jirani huvimeza bila kuuliza bei.
Hakuna matanga. Kesho hata pengo hulioni.

Ya pili ndiyo niliyoikuta kwa Mbwarali.
Seli zimevimba, kuta zimetobolewa toka ndani,
yaliyomo yamemwagika kichochoroni,
na chembe nyeupe zimekuja mbio, rungu mkononi,
zikimpiga yeyote waliyemkuta mlangoni.
Nikadhani ajali. Lakini ajali haiachi sahihi.
Nikaomba rangi ya kahawia, ile inayoshika muhuri tu,
ikashika.
Protini zilikuwa zimeshikana kama nyuzi za ukambaa,
moja ikampiga mwenzake muhuri,
na aliyepigwa muhuri akaenda moja kwa moja ukutani.

Seli ile ingeitwa kituoni kuandika maelezo, ingesema:

     Nilifungiwa mlango, nikakosa pa kutoka,
     Nikauvunja mgongo, wa nyumba iliyowaka,
     Si wazimu, ni mpango, amri niliyoshika,
     Majirani, amkani! Ndivyo nilivyotamka.

     Mwenye kufa kwa adabu, hukunja jamvi akenda,
     Hasumbui masahibu, jirani hana kidonda,
     Mkasi wangu, ajabu, uzi ulipoushinda,
     Ndipo kwa hiyo sababu, ukuta nikauponda.

Neno ukunga lina kazi mbili.
Mama yangu aliishi kwa ile ya kwanza, Kisauni,
maji moto, wembe mpya, bismillahi.
Ya pili ni ule ukelele wa saa nane usiku
na Majengo nzima ikatoka na tochi.
Umeokoa wengi, ukunga huo:
virusi akiingia akaukwamisha mkasi,
seli huibomoa nyumba juu yake ili mtaa ujue.

Kwa Mbwarali hapakuwa na mwizi.
Aliyebisha hodi ni damu, mwenye nyumba,
akirudi baada ya saa sita,
na waliomsubiri kwa kiu
wakapiga ukunga.

Mkewe, Mishi, alikuwa kwenye benchi la nje
na leso mpya mapajani, haijapindwa bado.
Akaniuliza mimi, kwa sababu ndimi niliyepita.
"Kimemuua nini?"
Ripoti yangu ina nafasi ya mistari minne.
Nilitaka kusema, kilichokuwa kikimlinda. Nikaona haya.
Nikasema, damu ilichelewa.
"Si mlisema imerudi?"
Imerudi, nikasema.
Nikaficha vidole ndani ya mifuko ya koti.
Imerudi, mama.