Chenji ya Vifuniko

Daftari lilikuwa tupu.
Kurasa arobaini na nane, nimezilipia mwenyewe,
na humo hamna hata herufi moja, hata iliyolala chali,
ila doa la parachichi ukurasa wa tatu.

Nikalikunja kama fimbo. Nikamwachia Mama Lyimo
mabelo yangu ya mitumba,
nikatoka sokoni Kiboriloni kwa miguu hadi shuleni.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu usiku:
"Mwalimu, mtoto nimemleta asome.
Kucheza, hata uani kwetu kunamtosha."

Mwalimu Aikande hakubishana.
Alinipa kigoda cha darasa la awali, magoti yakanifika kidevuni,
akanong'ona, "Kaa kimya, Baba Ndeshi. Duka limefunguliwa."

Duka ni ubao juu ya matofali mawili.
Mizani ni kamba na makopo ya rangi.
Ndizi za udongo, mchele wa changarawe,
na pesa ni vifuniko vya soda, vimeoshwa, vina kutu pembeni.
Muuzaji ana miaka mitano, jino la mbele limeng'oka.
Ni binti yangu.

Elinami akataka ndizi saba, akatoa vifuniko kumi.
Ndeshi akanyoosha vidole vyote, akakunja saba,
vilivyosimama akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya pua.
"Chenji yako tatu. Hesabu mbele yangu,
ukishaondoka sirudishi."
Maneno yangu hayo! Hata mkono kiunoni ni wangu.
Nikacheka. Daftari likalegea mkononi.

Changarawe aliipima akarudia,
kopo likiinama anapunguza, likipaa anaongeza,
hadi kamba ikatulia.
Hakuna aliyemfundisha pale neno "sawasawa".
Alilitamka mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyeliokota.

Kisha duka likawa nyumba. Sikuona lilivyogeuka;
kwao ukuta hubomoka mtu akisema "haya, sasa".
Shafii akawa mtoto. Ndeshi akawa baba.
Akaketi mlangoni, jiwe sikioni,
anaongea na mtu wa Himo: bei imepanda, mzigo umekwama.
Shafii akamvuta shati.
"Baba, tucheze."
"Ngoja kwanza."
"Baba."
"Ngoja kwanza! Si unaona niko kazini?"
Wala hakugeuka.

Aliigiza vizuri.
Aliigiza vizuri mno.

Mwalimu akatazama nje, upande wa mlima,
na mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika gubigubi,
hakuna cha kutazama.
Nikajua ananisitiri.

Kumbe anaandika, huyu.
Kaniandika mimi, nukta na mkato,
bila penseli,
na kifutio sijui kinauzwa wapi.

Nikalinyoosha daftari pajani.
Duka lilipofunguliwa tena nikajipanga foleni,
nyuma ya Shafii, kichwa changu kikigusa picha za wanyama.
"Wewe mrefu, unataka nini?"
"Ndizi mbili."
"Pesa?"
Nikapapasa mifuko: simu, funguo, noti ya elfu tano.
Akaigeuza noti mbele na nyuma, akanirudishia.
"Hii hapa haitumiki.
Lakini chukua tu. Utalipa kesho ukija."