Elfu Tano ya Mbio

Mashine ya Hanoi ilinitemea milioni tatu
nikiwa nimevaa kandambili.
Nikatazama kushoto, kulia,
nikazigawa: mfukoni, bahashani, kurasani mwa pasipoti,
milionea wa siku nne, chumba hakina dirisha.

Noti zao nyingi ni za plastiki. Hazikunjiki zikatulia;
ukizibana zinafunguka zenyewe
kama mdomo wa mtu mwenye siri.
Sufuri nilizihesabu kwa kidole, mtoto wa chekechea,
na kila bei niliirudisha kwanza nyumbani,
niigawe, niipunguze, niiulize:
kwetu wewe ungekuwa nani?

Bi Thoa hakuwa na muda huo.
Alichuchumaa Mtaa wa Hang Bo, manyunyu ya Machi yakimlowesha kofia,
akimenya nanasi kwa kisu chembamba,
macho ya nanasi yakitoka mstari mmoja, kwa mzunguko, kama parafujo.
Akanionyesha vidole viwili, kisha vitano.
Ishirini na tano. Elfu ajazie mwenyewe msikilizaji;
huku sufuri tatu za mwisho hazitamkwi,
ni jamaa wa mbali: wapo, lakini nani awaite kwa jina?

Nikasema ishirini.
Akacheka.
Nikageuka, hatua tatu, ile mbinu niliyofundishwa Kariakoo,
akaniita. Haya, ishirini, chukua.
Nikachomoa noti ya buluu, nikapokea nanasi kwenye mfuko,
nikaondoka kichwa kimevimba:
nimeshinda elfu tano!
(Baadaye nilipiga hesabu. Maandazi mawili. Ya jana.)

Nyuma yangu, sauti.
Nikajua: kajuta, anataka tano zake.
Nikakaza mwendo. Nikavuka barabara
wavukavyo wageni, yaani kwa kumwomba Mungu,
pikipiki zikinipita mbele na mgongoni,
naye akavuka bila kuzitazama,
zikimkwepa kama maji yanavyokwepa jiwe,
kisu bado mkononi.

Kisu, jamani.

Akaudaka mkoba wangu. Akanitandazia noti mbele ya pua:
buluu, lakini si buluu ile.
Tano, na sufuri tano nyuma yake.
Nusu milioni kwa nanasi moja,
na mimi natimua mbio nisidaiwe.

Alinigombeza. Lugha siijui, lakini sauti ile naijua:
ni ya shangazi aliyekuta umelala na mlango wazi.
Akafungua pochi yangu mwenyewe, vidole vinanata maji ya nanasi,
akairudisha ile kubwa mahali pake,
akachomoa ya ishirini.
Akanitazama. Akahema.
Akachomoa na ya tano, ya karatasi, kuukuu,
akajigonga kifuani penye pumzi,
akanionyesha, kwa ncha ya kisu, njia yote aliyoikimbia.

Sikubishana bei.