Namba Ndogo

Łódź, Februari. Theluji imegeuka tope la kijivu
na lifti ya jengo haijapanda tangu Krismasi.
Nilipanda ghorofa tano na hojaji kwapani,
ishirini na mbili, bado zina joto la mashine,
kwa wanawake waliokuwa wafumaji
kabla viwanda havijageuzwa maduka ya viatu.

Nadharia tete yangu ilikuwa nyepesi, ilijaa kiganjani:
anayecheza karata na wenzake kila Alhamisi, wiki nane,
upweke wake utapungua.
Maswali ishirini. Moja ni "kamwe", nne ni "kila mara".
Huwa unahisi huna wa kumgeukia?
Zungushia duara.

Bi Genowefa, mhojiwa namba kumi na saba,
alivaa miwani ya marehemu mumewe,
akashika kalamu kama sindano, akauliza:
"Na nikitaka tatu na nusu?"
Nikamwambia tatu na nusu haipo.
Akacheka. "Mwanangu, mimi naishi humo humo."
Nikamzungushia tatu.
Darasani hilo huitwa kosa la kipimo.
Mimi sikuliita chochote, vidole vilikuwa vimeganda.

Baada ya wiki nane nikarudi.
Maduara yalikuwa yamehama, yote upande wa kushoto,
kama kondoo walioona lango liko wazi.
Usiku ule kompyuta ilifikiri kidogo, ikatema:
wastani umeshuka, hamsini na mbili hadi arobaini na moja,
na thamani ya p ndogo, ndogo ya kupendeza.
Nilimpigia mama simu. Nilinunua keki.

Kipande kimoja nikampelekea Bi Genowefa.
Mlango haujafungwa, ananiuliza:
"Umefaulu?"
Karibu, nikasema.
"Nilijua. Tuliambiana kwenye foleni ya mkate:
yule binti wa chuo anataka namba ndogo.
Irmina wa ghorofa ya pili ndiye alikuwa mgumu,
eti ukweli ni ukweli. Nikamwendea mara tatu.
Kunegunda akamwendea na supu ya kabichi.
Mwishowe akalegea. Usituhesabie deni."

Keki ilinikwama kooni.
Kumbe yale maduara hayakuchorwa na karata,
yalichorwa na huruma.
Mtoto wa watu nimepewa matokeo kama sadaka.

Profesa Rzepka hakupaza sauti.
Alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kumenya.
"Ukiona data inakuchekea," akasema, "itazame meno."
Nikauliza kama nifute.
"Wema haufutwi. Uandike."
Nikaandika mapungufu ya utafiti, kurasa nne,
marefu kuliko matokeo yenyewe:
wahojiwa waliijua nadharia tete; walishauriana;
hitimisho haliwezi kutolewa.
Haliwezi. Niliandika mara mbili, nikafuta moja.

Lakini kuna jambo halikupata safu kwenye jedwali.
Irmina, ambaye mlango wake ulikuwa haugongwi ila na msoma mita,
aligongewa mara tatu katika wiki moja
akabishana na mtu hadi saa nne usiku.
Kunegunda, mwenye magoti yale, bila lifti,
alishuka ngazi zote na sufuria mkononi.
Na pale kwenye mkate walinong'ona
kama wasichana wa zamu ya usiku,
wana siri, wana njama, wana mtu wa kuokoa.
Pengine karata hazikufanya kitu.
Pengine walipona kwa kunidanganya,
na zile mbili za uongo
zikageuka kweli, zikachelewa tu kidogo.

Sampuli ishirini na mbili, kundi la kulinganisha hakuna:
sina haki ya kusema hivyo. Sisemi.
Nasema tu kwamba Jumamosi nilipanda tena, mikono mitupu,
na kabla sijabisha nikasikia ndani kelele za karata,
kisha sauti ya Bi Genowefa:
"Kama ni yule binti, mwambieni leo ni mbili na nusu!"
Na Irmina, palepale:
"Muongo. Tupa karata, zamu yako."