Mita Tatu, Nyekundu Tupu

Kaja Bwana Suleyum bin Nasor, saa nne asubuhi,
soko la Sib limeshaanza kutoa jasho,
kakiweka kitambaa mezani pangu
kama mtu anayemlaza mtoto.
"Zuwena, nishonee bendera. Nyekundu tupu.
Usitie jambia, usitie karafuu.
Ile yenyewe. Ile ya kwetu."

Kwetu.
Neno dogo, lina mlango wa mbele na mlango wa uani.

Shahidul, anayetia nakshi kwenye mashine ya pembeni,
akainua kichwa: "Ya nchi gani hii, mama?"
Hakujibiwa.
Kiyoyozi kikadondosha tone ndani ya ndoo,
likafuata jingine.

Nikapima. Akaanza kuhadithia, wala si mimi aliyekuwa akinihadithia.
Nyumba ya Malindi, ngazi zake, ukumbi uliobaki na harufu ya udi.
Januari ile. Kakake Harith, miaka kumi na sita,
katoka kununua mkate, na mkate haukufika.
Babake kazikwa bila kukoshwa, wapi, hajui hadi leo.
Mamake kapanda meli na funguo za nyumba kifuani,
na bendera kaizungushia tumboni chini ya kanga, kama mimba.
"Siulilii ufalme," akasema. "Naulilia mkate ule."
Nilimuamini. Namuamini mpaka sasa hivi ninapoandika.

Lakini mimi ni Zuwena binti Marjani bin Feruzi.
Yasikilize majina hayo: Marjani, Feruzi, Almasi, Yakuti.
Walituita vito.
Kito hutiwa kashani, huhesabiwa, hurithiwa,
hupewa bibi harusi pamoja na mikufu yake.
Bibi wa babu yangu alichuma karafuu za wazee wa Bwana Suleyum,
huko Dole, chini ya kitambaa hiki hiki,
na hapana aliyemuuliza rangi hii anaionaje.
Kitambulisho changu na chake vina jina moja la mwisho.
Yeye kazaliwa nalo.
Sisi tumepigwa nalo, kama chapa ya gunia.

Na mwaka juzi mtoto wa dadake alimposa binti yangu Salha.
Tulishanunua ubani. Nguo nimeshakata mwenyewe.
Ikaja simu, sauti ya upole kabisa:
"Msituelewe vibaya. Ni mambo ya kufu tu."
Ilikuwa sauti hii hii
inayoniambia sasa nisikaze sana uzi.

"Tukijitenga," anasema, "tukitoka kwenye Muungano,
itapanda tena pale Forodhani, nami nikiwa hai, inshallah."
Nilikuwa nimebana pini midomoni, sikuweza kuuliza:
hiyo *tu* yako, bwana, ina watu wangapi?
Maana kwa lugha yetu *tu* ni sisi,
na *tu* ni basi, hapana zaidi.
Siku ya kuitweka mimi nisimame wapi,
kwenye safu,
au nikushikie kamba?

Nikashona. Sikukataa; riyali sita ni riyali sita,
na upindo wangu haujapata kufumuka.
Sikuficha jina la mtu ndani yake, wala laana, wala dua.
Mshono ulionyooka, basi.

Alipoikunja, kiganja chake kilikwisha geuka rangi,
na mkono wa kanzu, ile nyeupe ya pasi kali, umeshika doa.
Vidole vyangu navyo vivyo hivyo, hadi kwenye kucha.
Tukatazamana mikono
kama watu waliochinja pamoja
na kila mmoja anasubiri mwenzake aseme ng'ombe alikuwa wa nani.
Shahidul akacheka, kisha akaona hatucheki.

Akalipa. Akaongeza nusu riyali, nikamrudishia.
Kafika mlangoni, jua limeshampiga usoni, nikamwita.

"Ukiifua, ifue peke yake.
Inachuja."