Debe Lenye Tumbo

Miaka mitatu sasa nasoma alfajiri,
kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo.
Kalenda ya masomo nimeibandika ukutani kwa ugali wa jana,
na kila siku ikipita naiwekea alama ya vema
kwa kalamu ileile ninayoandikia madeni ya watu.

Vema. Vema. Vema.
Neno likanipitia
kama malori yapitavyo Kibaigwa usiku:
mwanga unafagia ukuta,
kikombe kinatetemeka kwenye kisahani,
halafu giza, na mimi ni yuleyule.

Ninayo madebe mawili.
La kuuzia limenyooka kama shemasi siku ya sadaka.
La kununulia lina tumbo.
Nilimpelekea fundi Mazoya, nikamwambia apige toka ndani,
polepole, jicho la mkulima lisitambue.
Alinitoza elfu tatu na kicheko.

Haba na haba,
kibaba cha Mama Lechipya kikajaa kwangu.
Cha Chidawali pia, na cha yule kijana wa Pandambili
aliyeuza mahindi yote ili mkewe apelekwe hospitali,
nikamsukumia kiganja kimoja juu ya kilele,
nikasema, "Ongeza kidogo, mwanangu, debe halijashiba."
Jumapili nikatoa fungu la kumi.
Nilipigia hesabu hata hicho kiganja.

Jumanne ile somo likawa la vipimo:
kwamba Mungu huviona, kikubwa na kidogo,
vikilala nyumba moja.
Mwaka juzi niliweka vema hapo.
Mwaka jana vema, na nukta.
Safari hii nikainama kuchukua kalamu iliyoanguka
nikaona Kitabu kimekaa juu ya nini.

Juu yake.
Miaka mitatu juu yake.
Kila alfajiri huwa nalifudikiza debe la kununulia,
natandika kitambaa cha kufuma,
linakuwa meza yangu ya sala.

Sikulia. Sitaki kusema uongo hapa pia.
Nilikasirika, kama mtu aliyefumaniwa.
Nikafunga Kitabu, nikakifungua,
maneno yalikuwa palepale, hayakusogea hata hatua.

Mazoya alicheka tena.
"Bati likishanenepa, mama, halikondi."
Akapiga, akapiga, mshono ukaachia.
Sasa linavuja uwele kwa chini,
mstari mwembamba unaonifuata dukani
na kuku wa mtaa mzima nyuma yake.

Ijumaa nikakodi bodaboda mpaka Njoge
na nusu gunia la mtama mapajani.
Upepo wa mwezi wa saba, vumbi jekundu hadi kwenye meno.
Njia nzima nilipanga maneno ya toba,
mazuri, yenye machozi mahali pake.
Mama Lechipya alikuwa anapepeta.
"Mbukwa," akasema. Ungo haukusimama.
Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho,
akatema kapi lililomwingia mdomoni,
akauliza:
"Na ya mwaka juzi?"

Sikuwa na ya mwaka juzi.
Ya mwaka juzi ni bati kumi na mbili juu ya kichwa changu,
na mvua ikinyesha nitaisikia.

Basi nimeanza kuandika pembeni mwa kurasa,
kwa penseli, maana hesabu bado inabadilika.
Chidawali: debe nne, au tano.
Kijana wa Pandambili: jina sikuuliza.
Kalenda nimeacha kuitia alama.
Yapo masomo nimekaa nayo wiki nzima
kama mgonjwa na dawa chungu, nikizungusha kijiko.

Leo somo ni orodha ya majina,
fulani akamzaa fulani, ukurasa mzima.
Zamani nilikuwa naruka.
Leo nimesoma moja moja, kwa sauti,
kidole chini ya kila jina,
na kila niliposhusha kidole
kuna mtu amesimama mlangoni na gunia lake,
anangoja nipime.