Kopo la Tatu

Nilipoletwa nyumba hii ya Mwanga
kopo lilikuwa lake: bati, mdomo umekunjwa kwa nyundo,
kitundu chini kimezibwa kwa nta.
Makopo mawili ya unga kwa watu wanane.
Aliyasawazisha kwa kisu, kisu kikatoka na vumbi,
na lile vumbi akalirudisha debeni kwa kidole.
La tatu, mgeni akija.
Nami nilikuwa na mimba ya Nyamoye,
kila magharibi namwomba Mungu alete wageni.

Funguo alizifunga pindoni mwa kanga.
Mawese aliyapima kwa vidole ubavuni mwa chupa,
na mimi akanipima:
saa niliyoamka, ndoo nilizopanda nazo kutoka bombani.
Akiniita "wewe wa Kasulu",
kana kwamba Kasulu ni ugonjwa.

Sasa maji yanatoka saa nane usiku, siku mbili kwa wiki.
Naamka najaza madumu, nachemsha moja.
Kata sita mgongoni, nne kifuani,
mbili kwa miguu iliyosahau njia ya sokoni.
Mavyaa amekuwa mwepesi kama mgebuka wa kukaushwa,
mfupa kwa mfupa unasomeka.
Mwanawe, mume wangu, anatushikia tochi mlangoni,
uso kaugeuzia ukutani. Ni aibu, anasema, mama ni mama.
Sawa. Kushika tochi nako ni kazi.

Shemeji wa Dar hutuma elfu thelathini
mwisho wa mwezi, akikumbuka,
na ujumbe: Mpe Mama pole.
Nampa. Pole haina makato.

Daftari nimelificha chini ya godoro:
vidonge vya presha, nepi za wakubwa, mkaa,
michango ya shule, deni la dukani kwa Ntirampeba.
Najumlisha, naandika saba, nabeba moja,
na hiyo moja sijui nikaitue wapi.

Juzi namkausha vidole vya miguu
akanishika kiganja, akakigeuza,
akakitazama kama mtu anayenunua jembe.
"Binti, hapa wanakulipa ngapi?"

Mume wangu akacheka, mwanga ukayumba ukutani.
Mimi sikucheka.
Miaka kumi na saba sijawahi kuulizwa.

"Nakula, nalala," nikamjibu.

Akasonya. Akili imekwenda, msonyo haujaenda.
"Wanakudhulumu. Kamwambie yule mama mwenye funguo.
Akikataa, ondoka. Mikono hii haikosi nyumba."

Funguo zilikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi wa nyavu.
Nilipoinama kumfunga kanga zilimgusa bega,
akashtuka: baridi.

Jioni Nyamoye alipima unga.
Kopo la kwanza. La pili.
Akapitisha kisu juu, kisu kikatoka na vumbi,
na vumbi akalirudisha debeni kwa kidole.
Sikumfundisha mimi. Bibi yake alishaacha kupima
kabla huyu hajafika debe kwa kimo.

"Ongeza la tatu," nikasema.
"Kuna mgeni?"
Dagaa walikuwa wanachemka, bibi anaita mtu
ambaye hakuna kati yetu anayemjua.
"Yupo."
"Nani?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.