Punje ya Njegere

Shemhilu wa duka la dawa, Barabara ya Nane,
aliniambia ninyooshe kidole juu ya kaunta,
akaminya tyubu kidogo kwenye ncha:
"Punje ya njegere. Kwa uso mzima.
Si kwa kila chunusi, Mwanakheri. Uso mzima."
Nikacheka. Mimi ni fundi cherehani,
najua mita moja haitoi gauni la mita tatu.

Miaka ishirini na saba, na chunusi za kidato cha pili!
Kioo cha wateja nilikigeuzia ukutani.
Mtu akitaka kujiona namgeuzia,
mimi nainama, natafuta pini isiyoanguka.
Nimepaka ndimu. Nimepaka dawa ya meno.
Nimepaka kikopo kisicho na jina cha mama mmoja wa Makorora,
kikaning'arisha wiki mbili kama sahani ya mgeni
kisha kikaniachia uso wenye joto la pasi.

"Hicho kitupe," alisema Shemhilu. "Ndimu weka kwenye samaki.
Hii ni ya usiku tu. Nawa kwa sabuni ya upole,
ngoja ngozi ikauke kabisa, ndipo upake.
Kwepa macho. Kwepa pembe za pua na mdomo.
Leo paka, kesho na keshokutwa pumzika.
Asubuhi losheni ya kukinga jua, na kofia ukipanda baiskeli.
Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya, usinilaani."
Kisha akashusha sauti:
"Una mume?"
"Ninaye."
"Siku zako zikichelewa, acha hapo hapo, uje."
Nikaitikia, kama mtu anavyopokea salamu za kupeleka mbali.

Harusi ya mdogo wangu Hidaya ilikuwa imebaki siku ishirini na mbili.
Nilipiga hesabu ya fundi mwenye haraka:
njegere nne, kila usiku.
Ijumaa niliamka na uso wa karatasi ya msasa,
nikipiga mwayo mdomo unachanika pembeni,
maji ya bomba yanawasha kama pilipili.
Mbwana, mume wangu, ulimi wake hauna breki,
akaniuliza kama nimelalia jiko.

Shemhilu hakucheka.
"Ngozi si jinzi. Ukiichana huitii kiraka."
Niache kwanza, nipake mafuta mepesi yasiyo na manukato
mpaka moto utulie,
kisha nianze upya, mafuta yatangulie, dawa ifuate,
usiku mmoja kwa tatu.

Harusini nilikwenda na mabaka yangu.
Kwenye picha niko nyuma, nusu nimefichwa na sinia la mkate wa ufuta.
Lakini nipo.

Wiki ya tano zikafumuka mpya, nikataka kuitupa tyubu chooni.
Wiki ya tisa sikumbuki chochote.
Wiki ya kumi na tatu mwalimu mmoja wa Usagara
alikuja kujaribu gauni, nikamgeuzia kioo,
nikajiona juu ya bega lake
na pini zote zilikuwa mdomoni mwangu.
Sikuinama.

Halafu siku zangu zikachelewa. Wiki moja. Mbili.
Tyubu ilikuwa bado nusu.
Hidaya akaiomba: "Si umeiacha? Nipe mimi."
Nikamwambia hii ilipimwa kwa uso wangu,
apeleke kidole chake mwenyewe Barabara ya Nane.
Shemhilu aliniambia nisikose usingizi
kwa kile nilichopaka kabla ya kujua;
niiache, na niwaambie kliniki.

Niliwaambia. Nesi wa Bombo aliandika, akafunga faili,
nikamuuliza, kwa kutaka tu kusema kitu,
mtoto kwa sasa ana ukubwa gani.
Akafikiri.
"Kama punje ya njegere."

Kidevuni zimerudi tatu.
Kioo kinatazama barabara.
Pale kwenye benchi, watu wakisubiri kuitwa majina,
nilinyoosha kidole
nikaitazama ncha yake muda mrefu.